Vioo Vitatu Vinatosha

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili nukta (3, 2) itaangukia wapi ikizungushwa nyuzi 90 kinyume na mwendo wa saa, naye atakujibu bila kupepesa macho: (-2, 3). Kanuni ameikariri. Badilisha nafasi za namba mbili, kisha weka alama ya hasi kwenye ile iliyokuja mbele. Sasa mwulize kwa nini hasi imekaa mbele na si nyuma. Hapo wengi hunyamaza, na si kosa lao, maana hata kitabu chao kimenyamaza.

Nchini Kenya, chini ya mtaala wa 8-4-4, uakisi na mzunguko vilifundishwa kidato cha pili, kisha mageuzo yakarudi kidato cha nne yakiwa yamevishwa matriki. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa na mpangilio wa namna hiyohiyo. Katikati ya vituo hivyo viwili mwanafunzi hujaza daftari kanuni moja baada ya nyingine: kuakisi kwenye mhimili wa x, kwenye mhimili wa y, kwenye mstari y = x, kwenye y = -x, kuzungusha nyuzi 90, 180, 270, kusogeza, kukuza. Kila kanuni inasimama peke yake kama mgeni asiyewajua wenzake. Ukweli ni kwamba ukiiacha kando ile ya kukuza, nyingine zote zina mama mmoja, naye ni kioo.

Kabla ya kioo, neno moja juu ya bapa lenyewe. Grafu yenye mihimili miwili tumeizoea mno hata tunadhani imekuwepo tangu zama za Euclid. Sivyo. René Descartes alichapisha La Géométrie mwaka 1637, akaonyesha kuwa mchirizo na mlinganyo ni kitu kimoja chenye sura mbili. Pierre de Fermat alifika palepale kwa njia yake mwenyewe karibu wakati huohuo. Lakini ukikifungua kitabu cha Descartes kutafuta ule msalaba wetu, wenye hasi kushoto na hasi chini, hutaupata. Waliokuja baada yake ndio walioukamilisha. Kwa mada yetu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu bila namba hasi kioo hakina hesabu. Kuakisi kwenye mhimili wa y ni kugeuza alama ya x, basi.

Kioo kikisogezwa kutoka kwenye mhimili, hesabu inaongezeka kidogo tu. Kikisimama kwenye mstari x = a, nukta iliyokuwa na x sasa itakuwa na 2a - x. Weka kioo kimoja kwenye x = 1 na cha pili kwenye x = 4. Nukta yenye x ya 0 inaakisiwa na kioo cha kwanza hadi 2, kisha cha pili kinaipeleka 6. Nukta yenye x ya 3 inaenda -1, kisha 9. Nukta yoyote utakayojaribu itaishia hatua 6 kulia kwa pale ilipoanzia, na 6 ni mara mbili ya umbali kati ya vioo. Vioo viwili vilivyo sambamba vimezaa usogezo. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi chenye kioo mbele na kioo nyuma ameyaona haya bila grafu: ule msururu wa vichwa unaozama ukutani, uso, kisogo, uso, kisogo. Kutoka uso mmoja hadi uso unaofuata ni mara mbili ya umbali kati ya vioo hivyo viwili.

Badili mpangilio, anza na kioo cha x = 4, na nukta zote zitasogea hatua 6 kushoto. Utaratibu una maana. Katika kujumlisha na kuzidisha namba, nani atangulie hakuna shida. Katika mageuzo, shida ipo, na hapa mwanafunzi anakutana na hesabu isiyokubali kupinduliwa. Mwalimu asipolitaja sasa, matriki zitamshangaza baadaye.

Vioo vikikatana je? Chukua mhimili wa x kuwa kioo cha kwanza na mstari y = x kuwa cha pili. Nukta (3, 2) inaakisiwa na cha kwanza kuwa (3, -2). Cha pili kinabadilisha nafasi za namba, tunapata (-2, 3). Lile jibu la mwanafunzi wetu limetokea, na safari hii limekuja na sababu yake. Hasi ilizaliwa kwenye kioo cha kwanza, juu ya y. Kioo cha pili kikaihamishia mbele. Ukianza na y = x, utapata (2, 3) kisha (2, -3), yaani nyuzi 90 kwa kufuata saa. Pembe kati ya vioo hivyo ni nyuzi 45, na mzunguko ni nyuzi 90: mara mbili, kama ilivyokuwa kwa usogezo.

Sasa swali lenye uzito: je, kuna miendo mingine ambayo haipunguzi wala kuongeza umbali kati ya nukta, ila hatujaitaja? Jibu ni kwamba mwendo wowote wa aina hiyo kwenye bapa hupatikana kwa vioo visivyozidi vitatu, na uthibitisho wake ni mfupi kiasi cha kuingia katika kipindi kimoja. Tuseme pembetatu ABC imehamia A'B'C'. Weka kioo cha kwanza katikati ya A na A', kwa pembe mraba: A imefika. Weka cha pili katikati ya pale ilipo B sasa na B'. Kioo hiki lazima kipite A', kwa kuwa A' iko umbali uleule kutoka kwa zote mbili, hivyo A haitikisiki. Ikibaki C, ama imekwishafika, ama iko upande wa pili wa mstari A'B', na kioo cha tatu juu ya mstari huo kinaimaliza kazi. Nukta nyingine zote za bapa zinafuata, maana ukijua umbali wa nukta kutoka pembe tatu za pembetatu, umeshajua mahali ilipo.

Jaribu kwa namba. A(1, 1), B(4, 1), C(1, 3) zimehamia A'(-1, 1), B'(-1, 4), C'(-3, 1). Kioo cha kwanza ni mhimili wa y: B inakuwa (-4, 1), C inakuwa (-1, 3). Kioo cha pili, kati ya (-4, 1) na (-1, 4), ni mstari y = -x. Kinaipeleka B mahali pake, na C nayo inaangukia (-3, 1) bila kusaidiwa. Vioo viwili vimetosha, vinakatana kwenye kitovu kwa nyuzi 45, basi ulikuwa mzunguko wa nyuzi 90. Hakuna kanuni iliyokaririwa hapo.

Vioo vikiwa vitatu, matokeo ni mawili tu: ama ni uakisi wa kawaida, ama ni uakisi unaoteleza, yaani unaakisi kisha unasogea kufuata kioo chenyewe. Nyayo za mtu aliyepita kwenye mchanga wenye maji ni mfano wake kamili: kushoto, kulia, kushoto, kila unyayo ukiwa ni ule uliotangulia, uliopinduliwa na kusogezwa mbele. Silabasi zetu mara nyingi huuacha huu nje, na matokeo yake familia inabaki na kiti kitupu. Usogezo, mzunguko, uakisi, uakisi wa kuteleza. Hakuna wa tano.

Kuwatambua ni rahisi. Hesabu ya vioo ikiwa shufwa, umbo halijapinduliwa. Ikiwa witiri, limepinduliwa, herufi R imekuwa kama inavyosomeka kwenye kioo. Kisha uliza kama kuna nukta iliyobaki palepale. Halikupinduliwa na kuna nukta iliyotulia: mzunguko. Halikupinduliwa na hakuna iliyotulia: usogezo. Lililopinduliwa likiwa na nukta zilizotulia ni uakisi, lisipokuwa nazo ni uakisi wa kuteleza.

Kupinduliwa huku si mchezo wa karatasi tu. Nanaa na kisibiti vina harufu tofauti kabisa, mtoto hawezi kuzichanganya, lakini harufu zote mbili zinatokana na molekuli moja inayoitwa kavoni. Kwenye nanaa imejengwa kwa mkono mmoja, kwenye kisibiti kwa mkono wa pili, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Pua inajua tofauti ya shufwa na witiri.

Tuje kwenye ulinganifu. Umbo lina ulinganifu pale ambapo kuna mwendo unaoweza kulifanyia, ukafumba macho na kufumbua, usijue kama limeguswa. Mstatili una miendo minne ya namna hiyo: kutofanya lolote, vioo viwili, na nusu mzunguko. Mraba una minane. Hesabu inakuwa tamu zaidi umbo linapojirudia bila mwisho, na mahali pa kuanzia ni utepe: pindo la nguo, ukili wa mkeka, nakshi juu ya fremu ya mlango. Je, kuna namna ngapi za kupanga utepe?

Herufi nne za chapa, b, d, p na q, zinatosha kujibu, kwa kuwa ni umbo moja lililopinduliwa na kuzungushwa. Andika bbbb: usogezo peke yake. Andika bdbd: vioo vilivyosimama wima. Ukiandika bpbp umepata zile nyayo za mchangani, na bqbq ni nusu mizunguko. Mfululizo bdpqbdpq una vioo vya wima, nusu mizunguko na uteleza kwa pamoja. Kisha panga mistari miwili: bbbb juu na pppp chini, kioo kimelala katikati, na mwisho bdbd juu ya pqpq, wenye kila kitu. Saba. Hakuna wa nane, kwa sababu utepe haukubali mzunguko mwingine zaidi ya nusu, wala kioo kingine zaidi ya kilichosimama wima au kilicholala katikati; na katika vitu vitatu, yaani kioo cha wima, nusu mzunguko na uteleza, ukipata viwili cha tatu kinajileta chenyewe.

Kanga ni kitu kizuri cha kufanyia mazoezi haya. Pindo ni utepe unaozunguka, mji uko katikati, na jina limeandikwa chini ya mji. Chukua kanga ambayo mji wake umechorwa sawa kushoto na kulia, juu na chini. Ukilifunika jina kwa kiganja, una mstatili wenye miendo yake minne. Ondoa kiganja. Yote imekufa isipokuwa ule wa kutofanya lolote, kwa kuwa maandishi hayakubali kioo wala hayakubali kupinduliwa juu chini. Mstari mmoja wa maneno umevunja ulinganifu wa nguo nzima, na nadhani ndiyo sababu jicho hulikimbilia jina kwanza hata kabla ya kulisoma. Doti nayo, vipande viwili vinavyouzwa bila kukatwa, ni usogezo na si uakisi. Ingekuwa uakisi, kipande cha pili kingesomeka kinyumenyume.

Je, mafundi wa Afrika wamezitumia aina zote saba? Swali hili limechunguzwa kwa makini. Mwaka 1971 Donald Crowe, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha uchunguzi wa sanaa ya Wakuba wa Kasai, nchini Kongo, watu wenye sifa kwa vitambaa vyao vya nyuzi za rafia na kwa uchongaji wao. Alizikuta zote saba. Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi akafanya kazi yake Msumbiji hadi kufariki mwaka 2014, alizikuta zote saba kwenye sipatsi, mikoba ya kusuka ya Inhambane. Na tukitoka kwenye utepe kwenda kwenye bapa zima, mchoro unaojirudia kila upande, Crowe aliwakuta Wakuba wakitumia aina 12.

Kati ya ngapi? Kati ya 17. Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kuwa ndizo zote; George Pólya alizifikia tena mwaka 1924, na michoro yake ikamwangukia msanii wa Uholanzi M. C. Escher, aliyeitumia katika kazi zake za mijusi na ndege wanaofungamana. Hapa napenda kuweka mpaka. Kusuka aina saba ni jambo moja, kuthibitisha kuwa ya nane haiwezekani ni jambo jingine. Wapo wanaosema wasusi wa Inhambane walijua nadharia ya makundi, yaani tawi la hisabati linalochunguza ulinganifu. Kusema hivyo ni kuwasifu kwa kitu ambacho hawakukihitaji. Walichofanya ni kupekua chumba chote hadi kwenye kona ya mwisho, kwa mkono na jicho. Fedorov alithibitisha kuwa chumba hakina mlango mwingine. Kazi zote mbili ni za heshima, na hazifanani.

Katika zile 17, mizunguko inayoruhusiwa ni ya nusu, theluthi, robo na sudusi ya duara. Ya sehemu moja ya tano haimo. Sababu inaonekana kwa mchoro mmoja. Tuseme mchoro unaojirudia una vitovu vya mzunguko wa nyuzi 72, uchukue viwili vilivyo karibu kuliko vyote, umbali wa 1. Zungusha kila kimoja kukizunguka mwenzake nyuzi 72, wote wakielekea upande mmoja. Utapata vitovu vipya viwili vyenye umbali wa 0.38 hivi kati yao. Lakini tulianza na vilivyo karibu kuliko vyote! Hoja inajiua yenyewe, na ya tano inaondoka. Kuanzia ya saba na kuendelea, kosa ni lilelile, na hapo mzunguko mmoja tu unatosha kulionyesha.

Wanasayansi wa fuwele waliamini kwa miongo mingi kuwa maumbile nayo yamefungwa na sheria hiyo. Tarehe 8 Aprili 1982 Dan Shechtman aliiona, kwenye aloi ya alumini na manganisi, picha yenye vitone vilivyojipanga kumikumi kulizunguka duara. Alibezwa. Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, alimpinga hadi kifo chake mwaka 1994. Mwaka 2011 Shechtman alipewa Nobel ya kemia. Hesabu haikukosea: sheria inahusu mpangilio unaojirudia, na aloi ile ilikuwa na mpangilio usiojirudia. Kosa lilikuwa la waliodhani kuwa mpangilio na kujirudia ni kitu kimoja.

Suala hilo la mipangilio isiyojirudia lilipata sura mpya mwaka 2023. David Smith, Mwingereza aliyestaafu kazi ya uchapaji, aligundua kigae chenye pande 13 ambacho peke yake hufunika sakafu bila mwisho na bila kujirudia kamwe. Alilithibitisha hilo pamoja na wenzake watatu. Kulikuwa na dosari moja. Baadhi ya vigae lazima vipinduliwe, viwe taswira ya vingine kwenye kioo. Kwa kipande cha karatasi si neno, unakigeuza tumbo juu. Fundi wa vigae hana njia hiyo, kwa kuwa kigae kimepakwa rangi upande mmoja. Angehitaji kalibu mbili. Kabla ya mwaka kwisha, watu walewale walitoa kigae kingine kisichohitaji kupinduliwa. Shufwa na witiri tena.

Nimekuacha kukuza hadi sasa makusudi. Kukuza hubadilisha urefu, kwa hiyo hakuna kioo kitakachokuzaa. Lakini pembe hakuzigusi, wala uwiano kati ya urefu na urefu. Ukisukuma umbo ubavuni, kama rundo la karatasi linaloinamishwa, pembe nazo zinaharibika ila eneo linabaki. Felix Klein, akiwa profesa wa miaka 23 mjini Erlangen mwaka 1872, alipendekeza kuwa jiometri zote ziainishwe hivyo: taja miendo unayoiruhusu, kisha uliza ni nini hakibadiliki. Hata ditaminanti ya kidato cha nne hujibu swali hilo. Ukubwa wake unaonyesha eneo limezidishwa mara ngapi, na alama yake, ambayo wanafunzi huifuta bila kuiangalia, inaonyesha kama umbo limepinduliwa. Matriki ya mzunguko ina 1, ya kioo ina -1.

Na kwa vijana wanaoandika programu, tahadhari moja. Kwenye skrini nyingi y huongezeka kuelekea chini, si juu, kwa kuwa kuhesabu huanzia kona ya juu kushoto. Kwa hiyo kanuni ile ya (-y, x), ambayo kwenye daftari huzungusha kinyume na saa, kwenye skrini huzungusha kwa kufuata saa. Skrini yenyewe ni grafu iliyowekewa kioo kilicholala. Aliyekariri kanuni atahangaika usiku kucha. Anayehesabu vioo atarekebisha kwa alama moja.

Ombi langu ni kwa watunga mitihani, maana kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa. Punguzeni swali la kutaja nukta iliyozungushwa. Wapeni watahiniwa pembetatu mbili kwenye grafu, ya awali na iliyohama, waambieni wachore vioo vilivyoihamisha na waseme, kwa kutoa sababu, kama umbo limepinduliwa au la. Swali hilo halihitaji kifaa zaidi ya rula na kalamu, na haliwezi kujibiwa kwa kukariri.